Mikono Inayonukia Sabuni

"Nyoosha. Geuza. Haya, pita."

Naibu mwalimu mkuu alisimama langoni akinusa viganja vya watoto, mmoja baada ya mwingine. Tangu aanze kazi hiyo watoto walimbatiza jina la Pua, na hata walimu wenzake walikuwa wakimwita hivyo akiwa hayupo. Sabuni za kunawia zilikuwa zinapotea shuleni. Ukiweka kipande asubuhi, mchana sahani tupu. Pua alisema dawa ni moja tu: atakayeingia akinukia sabuni ile, basi ndiye anayeibeba kwenda nayo kwao.

Juzi alimkamata binti wa mama dobi. Mama yule anafulia watu nguo uani kwake, na binti humsaidia kusuuza kabla ya kuja shule. Mikono yake ingenukia nini kingine? Hakuulizwa. Alirudishwa nyumbani na mkoba wake.

Mwalimu wa afya alikuwa akiitazama foleni, roho haijatulia. Nje ya lango akamwona mtoto wa darasa la kwanza, mashavu ya mviringo, akiinama kuchota vumbi. Alijipaka viganjani taratibu, akajikagua, ndipo akajiunga na wenzake. Pua akamnusa, akampitisha.

Muhula uliopita darasa hilo zima lilikumbwa na kuhara. Mwalimu wa afya alikuwa amewafundisha watoto kunawa hadi wakawa wanakumbushana wenyewe wakitoka chooni. Sasa, saa ya chakula, ndoo ilijaa maji, kipande kipya kilikuwa kwenye sahani, na hakuna aliyesogea. Walitoka chooni moja kwa moja wakashika sahani zao.

"Mbona hunawi?" alimuuliza msichana mmoja wa darasa la nne.

"Nimenawa nyumbani, mwalimu."

"Nyumbani asubuhi. Sasa hivi je?"

Msichana akatazama huku na huku. "Ukionekana pale wanasema ni wewe."

Mwalimu naye alikuwa na watu wake moyoni. Alimshuku mpishi, aliyekuwa na mfuko mkubwa kila jioni. Alimshuku mlinzi. Kuna siku alimshuku hata Pua mwenyewe. Kwa hiyo watoto waliporudi darasani, alibaki dirishani kwenye chumba cha walimu, macho kwenye ndoo.

Mpishi akaja. Mpishi akasuuza kikombe, akaondoka zake.

Kisha kunguru akatua juu ya ndoo. Akageuza shingo, akashuka kwenye sahani, akakidonoa kile kipande mara mbili, akakibana mdomoni na kuruka nacho hadi juu ya bati la stoo.

Mwalimu alitoka mbio kama mtu aliyeunguza chungu. Akamwita mlinzi, wakaegemeza ngazi. Mlinzi alipanda, akachungulia kwenye mfereji wa maji ya mvua, akaanza kucheka peke yake. Alishuka na sabuni zimejaa kofiani, nyingine zimekauka na kupasuka, zote zina alama za kudonolewa.

"Hawa jamaa hata nyumbani kwangu wananiibia," alisema.

Mwalimu alizimwaga juu ya meza ya mkuu wa shule na kueleza alichokiona. Pua, aliyekuwa ameketi pembeni, akachukua moja, akainusa.

"Na nani anajua kama hakuna mtoto aliyepanda kuzificha?" Pua aliuliza.

"Nimemwona kunguru kwa macho yangu."

"Mwalimu," mkuu alisema kwa upole, "wakubwa wilayani nimeshawaambia kwamba mwizi amepatikana. Kamati ya wazazi imepongeza. Leo niwapigie simu niseme tulimfukuza mtoto kwa kosa la ndege?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Arudi. Sijakataa. Aombe radhi mbele ya shule, yaishe."

Jioni mwalimu alikwenda kwa mama dobi. Alimkuta akianika mashuka.

"Umekuja kupekua, mwalimu? Ingia. Sabuni ziko pale, zote nimenunua."

"Sikuja kwa hilo, mama." Akamsimulia habari ya kunguru. Mama dobi alisikiliza akiwa na shuka mkononi, wala hakucheka.

"Kwa hiyo mwanangu kesho anarudi."

Mwalimu akaangalia chini. "Wanataka aombe radhi kwanza."

"Radhi ya nini?"

"Ya sabuni."

"Ambayo kachukua kunguru."

"Ndiyo, mama."

Mama dobi alimalizia kubana shuka lake kwenye kamba. "Wewe ulipowaambia ukweli wakakujibu hivyo, ukanyamaza?"

Mama akamwita binti aje ale. Binti akatoka nyuma ya nyumba, upande wa chooni, akamwamkia mwalimu bila kumtazama usoni. Kando ya chakula palikuwa na jagi la maji na kipande cha sabuni. Akajimiminia maji kidogo kwenye vidole, akaiacha sabuni.

Mwalimu akaichukua, akamnyooshea. "Nawa na hii."

Binti aliitazama ile sabuni, kisha akamtazama aliyeishika, kama anayetafuta kamba ya mtego ilipofichwa.

"Sitaki, mwalimu," alisema. Akajifuta mikono kwenye sketi, akaketi, akaanza kula.