Mto wa Pamba

Katika mji wetu huu wa Ohio hakuna mwanamke anayejua kudanganya kama mimi. Nimekamatwa mara nne tu, na tatu kati ya hizo alinikamata marehemu mume wangu, ambaye alikuwa kiziwi.

Uongo wa mwaka ule ulikuwa mdogo: kwamba mjukuu wangu Keturah analala kwa Bi Haskell. Bi Haskell ni mjane wa Kizungu ninayemfanyia usafi mwaka wa kumi na tisa sasa, ng'ambo ya reli, ambako kila mtoto shuleni ana hadubini yake. Upande wetu shule nzima ina hadubini moja, nayo haina kioo. Mtoto husoma anakolala, ndiyo sheria. Basi Bi Haskell akaandika barua kwamba analala kwake, na Keturah akaenda kutazama mabawa ya nzi. Jioni akirudi kwangu ananieleza macho ya nzi yalivyo. Nikamwambia mimi nzi namfahamu kwa kiatu.

Kisha shule ikapiga simu. Mkaguzi anakuja Jumanne saa kumi alasiri kuona kitanda, na asipokiamini, mtoto arudi kwao. Kuna mtu alikuwa amesema. Mtaa ule una wajukuu wa Kizungu wanaoletwa kwa gari kutoka mbali, na vitanda vyao sijasikia vikiulizwa. Sikukasirika. Nilikuwa kama ufizi uliochomwa sindano ya ganzi.

Nikapanga chumba cha juu kwa Bi Haskell. Mswaki niliusugua sakafuni ili uonekane wa siku nyingi. Chini ya kitanda nikatupa soksi moja, maana mbili zingeonekana uongo. Foronya nyeupe ya pamba nikaipiga pasi mpaka ikang'aa.

Nilitarajia Mzungu. Akaja mtu wetu, mweusi kama mimi, Bwana Purvis, polisi mstaafu. Nikafurahi dakika nzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kahawa?"

"Niko kazini."

Tukapanda naye ngazi sote, Bi Haskell akishikilia ukuta, akakaa kitini. Keturah alikuwa mezani na daftari lake. Bwana Purvis akaona mswaki, akaandika. Akaona soksi, akaandika. Halafu akapitisha kiganja juu ya mto.

"Pamba," akasema.

"Safi, eh?"

"Mama, mimi nimelelewa na dada watano. Nywele kama hizi unazilaza kwenye pamba, zikauke na kukatika? Kofia yake ya kulalia ya satini iko wapi?"

Ilikuwa nyumbani kwangu, kwenye kitasa cha mlango, anapoitundika kila asubuhi.

"Imefuliwa."

"Iko kwenye kamba?"

"Bado imelowekwa."

"Wapi?"

Kalamu ya Keturah ikasimama.

"Mwanangu, tuachie," nikamwambia polepole. "Mtoto anatazama nzi tu."

"Na mimi nina fomu ya kujaza, mama." Hakunitazama.

Hapo Bi Haskell, ambaye miaka yote hiyo sijamsikia akidanganya kwa mdomo ila umri wake, akakohoa.

"Kofia ya nini, Bwana Purvis? Mimi mwenyewe namsuka upya kila asubuhi."

Bwana Purvis akakitazama kichwa cha Keturah: mistari kumi na minne ya twende kilioni, imenyooka kama imepigwa rula. Ilinila Jumapili nzima. Akavitazama vidole vya Bi Haskell, vilivyopinda kwa baridi yabisi, siku hizi hata vifungo vya sweta namfungia mimi. Akatoa mfukoni kitana chenye mkia, akakiweka kwa adabu mapajani pa Bi Haskell.

"Fumua mstari mmoja tu, bibi," akasema. "Halafu usuke, nione."

Bi Haskell akakishika kitana kwa upande wa meno.