Pini za Mjane

Mkuu wa maktaba alikuwa ameshaniambia wazi: filamu ya Jumamosi hii ikiisha na watu hawafiki kumi, chumba kinarudi kwa wacheza drafti. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka huo, na niliamini kwa moyo wangu wote kwamba mtu akifundishwa kutazama picha vizuri, hawezi kuwa mtu mbaya.

Walikuja kumi na wawili. Wanne kati yao walikuwa shangazi yangu na mafundi cherehani wenzake, walioletwa na huruma.

Filamu ilikuwa ya zamani, nyeusi na nyeupe, ya mjane anayepokea wageni nyumbani kwake. Niliisimamisha kila baada ya dakika tatu. Nikaeleza kwamba dirisha ni upweke. Nikaeleza pazia. Nilipofika kwenye kivuli cha kiti, kinyozi akakumbuka ana mteja. Mwalimu mstaafu naye akaaga, na nyuma yake akatoka mama mmoja ambaye hata hakusingizia kitu. Tukabaki na watazamaji tisa. Ili kuwazuia waliobaki, nikaongeza maelezo.

"Tazameni," nikasema, nikiwa nimeigandisha picha mjane akiwa amesimama mbele ya wageni. "Mjane huyu hamgeuzii mtu mgongo hata mara moja. Mwongozaji anatuonyesha kiburi chake."

"Kiburi gani, mwanangu?" shangazi akasema. "Hilo gauni limebanwa pini nyuma."

Nilicheka kidogo, kisomi. Yeye hakucheka. Alisogea hadi ukutani, akaweka kidole kwenye kiuno cha mjane: ona kitambaa kinavyovutwa kwenda nyuma, ona mabega ya gauni yanavyoning'inia. Fundi mwenzake akabisha, eti gauni ni la kuazima. Shangazi akamwambia afungue macho. Ni lilelile la mwanzo, mume alipokuwa hai, na lilimkaa sawasawa.

"Amekonda, na hataki wajue," akasema. "Hata nguvu za kulipunguza hana."

Filamu hiyo nilikuwa nimeitazama mara tisa. Nilikuwa nimeiandikia kurasa arobaini.

Mlango ukafunguka. Mkuu wa maktaba akaja kusimama katikati ya picha, kalamu mkononi, tayari kuhesabu vichwa.

"Baba, kaa chini, unatuziba," shangazi akamwambia. Akakaa.

Safari hii niliiacha filamu iende. Wageni waliaga mmoja mmoja. Mjane akafunga mlango, kisha, kwa mara ya kwanza, akatugeuzia mgongo: pini saba, moja imepinda. Akaanza kuzichomoa, na gauni likamlegea mwilini kama la mtu mwingine. Mafundi wote wanne walikuwa wamejishika viuno.

Taa zilipowaka, nilimuuliza mkuu kama tumefika kumi. Alitazama karatasi yake. Ilikuwa tupu.

"Rudisha pale anapogeuka," akasema. "Na tafadhali, usituelezee."