Masomo ya Kufungia Mikate

Jeannette alikuwa na miezi tisa ya kujitayarisha kwa Examen d'État, mutihani wa serikali wa kumaliza sekondari. Miezi nane na wiki tatu alisema tu, "Kesho nitaanza." Wiki ya mwisho akaanza kweli, akawa kama muntu anayekimbiza gari ya moshi na kitanda ku kichwa.

Kwa watu wa Mikelenge, mutaa wa Kindu, alikuwa Mama Déborah, yule wa mikate ya mafuta pa kona ya barabara. Miaka arobaini na tano. Déborah mwenyewe, binti yake, aliisha kupata diplôme, akaolewa ku Pangi, na kila akipiga simu anauliza: "Maman, uko nasoma?"

"Niko nasoma!" anajibu Jeannette, mikono mu unga mupaka ku kiwiko.

Lakini mwaka huu haikuwa muchezo. Directrice, mukubwa wa masomo ya watoto wadogo, alimuambia waziwazi: "Mwezi wa tisa nahitaji mwalimu. Watoto wanakupenda, unajua kuimba nao, unajua kuwanyamazisha. Leta diplôme, nafasi ni yako. Bila diplôme wakubwa watanikatalia." Jeannette alitamani kazi hiyo tangu usichana wake. Akajiandikisha kama autodidacte, njo vile wanaita watu wazima wanaofanya examen bila kukaa mu kelasi.

Angeifanya zamani, kama si vita. Mwaka wa 1998 alikuwa mwaka wa sita, section pédagogie, ile ya ualimu, wa pili mu kelasi nzima. Vita ikaingia Kindu, familia ikakimbilia pori. Mu njia wakakutana na watu wa bunduki. Watu hao waliacha sufuria, waliacha hata kuku. Walichukua makaye ya Jeannette, daftari zake za masomo. Walikuwa na tumbaku, hawakuwa na karatasi ya kuviringisha. Mukubwa wao alipima makaye kwa vidole, moja moja, kama mama anayechagua kitenge, akapenda sana ile ya psychologie. "Hii iko nyororo," akasema. Jeannette akasimama pale, akaangalia mwaka wake wote wa masomo ukitokea mu pua za watu.

Sasa ilibaki siku moja. Asubuhi hiyo woga ulimushika mupaka akamimina chumvi mu unga, pahali pa sukari, na hakujua.

"Mama Déborah," akasema Louis, bwana yake, muzee wa chemin de fer aliyeisha kupumuzika na kazi, "hii ni mara ya tatu unanipa bonjour."

"Njo adabu."

"Na blouse umeivaa mugongo mbele."

Jeannette akajitazama. Ilikuwa kweli.

"Ingia mu nyumba, usome," akasema Louis. "Mikate nitachoma mimi, nitauzisha mimi. Nimeongoza treni ya mabehewa kumi na mbili, mikate itanishinda?"

Jeannette akaingia. Akakaa ku kitanda, apumuzike kidogo tu mbele ya kuanza. Usingizi ukamubeba kama mufuko wa mihogo.

Alipoamka jua ilikuwa juu. Akatafuta makaratasi yake. Zilikuwa makumi mbili na ine, alizonakili kwa mukono wake toka ku makaye ya Déborah, akaziandika numero ku pembe. Chini ya muto, hapana. Akatoka inje.

"Baba Déborah, makaratasi yangu iko wapi?"

"Makaratasi gani?"

"Ile niliacha juu ya mufuko wa unga."

Louis akaangalia bassin, beseni ya mikate. Bassin ilikuwa tupu. Kila muntu wa Kindu anajua kwamba mikate inafungiwa mu karatasi ya makaye ya zamani. Karatasi yenye maandishi, kando ya unga, asubuhi: ingekuwa ya nini tena?

"Mama Déborah," akasema pole-pole, "mikate imeisha vizuri sana."

Jeannette akakaa chini, mu vumbi, na blouse yake mugongo mbele.

"Mara ya kwanza, bunduki," akasema. "Mara ya pili, bwana yangu."

"Simama! Najua kila muntu niliyemupa. Naweza kukutajia wote kama magare, vituo vya treni, toka hapa mupaka Kongolo!"

Na kweli aliwataja. Wakaanza na Abdallah, fundi wa cherehani.

"Ah, shemeji Mama Déborah!" Abdallah akapiga kelele mbele hata hawajafika. "Mikate ya leo ni ya kula ao ya kukausha samaki? Chumvi ile! Nimekunywa bidon nzima ya maji."

"Chumvi tutaongea kesho. Karatasi!"

Karatasi ilikuwa ku ukuta, mafuta imeishikilia bila musumari. "Hii haitoki," akasema Abdallah. "Nimeisoma mara mbili. Hapa wameandika kwamba mutoto wa miaka mine anafikiri dunia yote ilitengenezwa sababu yake. Ni nani alimuambia huyu muntu mambo ya shemeji yangu mwingine?"

Jeannette akacheka bila kutaka. Akasoma karatasi, akaisoma tena na sauti. Shemeji huyo wa Abdallah, Jeannette alimujua vizuri. Somo likaingia na kukaa, halafu akabandua karatasi.

Pa parking ya moto, zile pikipiki za kubeba abiria, Kalume motari alikuwa amesimama juu ya kiti ya moto yake, anasomea wenzake karatasi numero kumi na tano. "Muzungu mumoja, Pavlov, alikuwa na imbwa. Anapiga kengele, analeta chakula. Anapiga kengele, analeta chakula. Siku moja akapiga kengele tu, na mate ya imbwa ikatoka!"

"Ni wewe huyo, Kalume!" wenzake wakapiga kelele. "Mama Déborah akigonga bassin, hata kama haijatoka kitu, unaanza kumeza mate!"

"Hata wewe!"

Louis akagonga bassin tupu mara moja, pwa! Motari sita wakageuka, wakameza. Jeannette akawaangalia. Wiki nzima alikuwa amenakili neno conditionnement bila kujua ni munyama gani. Sasa alikuwa naye mbele ya macho, anavaa casque ku kichwa.

Wakaendelea hivyo, nyumba kwa nyumba. Kila muteja alilalamika chumvi kwanza, halafu akarudisha karatasi, halafu akataka kueleweshwa alichosoma, na Jeannette akaeleza. Saa tisa walikuwa nazo makumi mbili na tatu, zote zinang'aa mafuta.

"Bado numero makumi mbili," akasema Jeannette. "Hatua ine za somo. Majina ninayo, lakini njo ipi inafuata ipi? Ile inatoka ku examen kila mwaka!"

"Mama Kasanda," akasema Louis.

Mama Kasanda, jirani yao, alikuwa pa mulango, mikono ku kiuno. "Mama Déborah, samahani, mikate ile nilishindwa. Niliiacha pale chini."

Pale chini kulikuwa mbuzi. Alikuwa anasikia harufu ya chumvi ku karatasi, masikio yamesimama, mukia unacheza kwa hamu. Jeannette akaruka. Mbuzi akaruka zaidi. Akaanza kukata karatasi kipande kwa kipande, bila haraka, kama anayetaka kujua kila kipande kina ladha gani. Halafu akavikusanya vyote mu shavu moja, donge moja, gulp.

"Ameisha kuikula," akasema Mama Kasanda. "Lakini usilie, dada. Kesho itatoka."

"Examen ni kesho asubuhi!"

"Basi nimupe maji mengi?"

Mbuzi akamuangalia Jeannette ndani ya macho, akageuka, akaachia choo yake, ndogo-ndogo, mviringo, juu ya kandambili za Jeannette.

Kesho yake mu salle watoto wa miaka kumi na nane walimuita "Maman" na wakamupisha mbele, wakifikiri ni surveillante, musimamizi wa examen. Akafungua karatasi ya maswali. Mutoto anayefikiri dunia ni yake: shemeji wa Abdallah. Imbwa na kengele: Kalume na casque. Alijibu, alijibu. Halafu akafika ku question ya kumi na moja: *Panga hatua za somo.* Synthèse, motivation, application, analyse. Chini yake, mipango mitano ya kuchagua.

Kichwa ikawa nyeupe, tupu. Akafunga macho, atafute karatasi ile. Hakuona karatasi. Aliona mbuzi.

Mbuzi anasikia harufu, masikio yanasimama: hamu, motivation. Mbuzi anakata kipande kwa kipande: analyse. Mbuzi anakusanya vyote donge moja: synthèse. Na mwisho, kuonyesha kama somo imeingia kweli, juu ya kandambili za muntu: application.

Jeannette akacheka na sauti mu salle nzima.

"Maman, kuna nini?" akauliza surveillant.

"Hapana kitu, mwalimu. Nimekumbuka mwalimu yangu."

Matokeo ilifika mu telefone kisha wiki nyingi, siku ya posho, Jumamosi, Louis akiwa juu ya kiti kutafuta réseau. Alisoma, akasoma tena.

"Cinquante-quatre," akasema: makumi tano na ine ku mia. Halafu akapiga kelele mupaka Abdallah akatoboa kidole na sindano: "Cinquante-quatre! Amepata!"

Mu Kindu, muntu akipata diplôme wanamumwangia ku kichwa poudre nyeupe, ile ya kupaka watoto, na hakuna anayeuliza. Lakini poudre haikuwa mu nyumba. Louis akachukua unga wa mikate, bakuli nzima, akamumwangia. Kalume na wenzake wakapiga klaxon za moto zao. Mama Kasanda akapiga vigelegele, na mbuzi yake akaja kulamba unga ku miguu ya Jeannette.

Jeannette akachota unga mukono mumoja, akamumwangia mbuzi ku kichwa, katikati ya pembe.

"Hata yeye?" akauliza Mama Kasanda.

"Hata yeye. Hatua zote ine, alizifanya mbele yangu."

Louis akapanguza macho, akaona ile makaratasi makumi mbili na tatu pa meza. Akakohoa.

"Mama Déborah, kwa vile examen imeisha… kesho naweza kufungia mikate na hizo?"

"Gusa uone."