Dereva wa Wi-Fi

Naapa kwa meno yangu yaliyobaki, na si mengi kiasi cha kuyachezea, haya ni kweli tupu. Ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri kuliko hii.

Mkwe wangu, mke wa kijana wangu mkubwa, alipata kazi ya kutafsiri akiwa nyumbani. Ofisi ilikuwa na sharti: kompyuta ya mkononi yenye Linux, ule mfumo huria ambao hununui leseni na yeyote anaruhusiwa kuufungua autazame tumboni. Kikao cha kwanza Jumatatu asubuhi, kwa video. Asipoonekana, nafasi anapewa mwingine.

Sasa ndani ya nyumba yetu nani anajua mambo hayo? Mimi. Yaani, mimi ndiye niliyesema najua. Tangu nistaafu kuendesha malori nimejifundisha kompyuta peke yangu, kwa kubonyeza kila kitu mpaka kitu kitokee. Mke wangu ananiita Injinia, kwa sauti ileile anayomwitia paka akimwaga maziwa.

Mkwe akanikabidhi akiba yake pamoja na flashi ndogo.

"Baba, mfumo nimeshauweka humu. Kabla hujalipa, washa mashine kwa flashi hii, uone kama inashika wi-fi."

"Mwanangu, hiyo kwangu ni kumsukuma mlevi!"

Dukani, muuzaji, mama mmoja mwenye miwani kichwani na mdomo usio na breki, akaniwekea kompyuta mbili kwenye kaunta. Ya kwanza ya kijivu, nene, imetoka kwenye ofisi za watu, kona zimechubuka.

"Chukua hii, mzee wangu. Mfumo huria unaingia bila ubishi."

Ya pili ilikuwa mpya, nyembamba kama sahani, herufi zake zinawaka nyekundu, mara zinageuka buluu. Moyo ukaenda wenyewe.

"Hiyo nzuri kwa macho," akasema, "lakini kwa mfumo wenu, wi-fi yake haina dereva."

Wateja walikuwa wananisikiliza kwa makini, maana nilikuwa nimeshawapa kisa cha lori langu lililokufa gia zote za mbele, nikaliendesha kinyumenyume milima miwili, nikafika kabla ya aliyetangulia. Leo najua kwamba dereva ni kijiprogramu kinachoiwezesha mashine kuelewana na kifaa chake. Siku ile nilijua dereva wa aina moja tu.

"Haina dereva? Dereva si huyu hapa!" Nikajipiga kifua.

Duka zima likaangua kicheko, nami nikadhani nimewapatia. Ile flashi sasa. Sikujua nibonyeze kitufe gani ili mashine iwake nayo, na kuuliza mbele ya watu wale ningeonekana mshamba. Ikabaki mfukoni. Nikalipa.

Nyumbani mkwe akauweka mfumo. Skrini ikawaka, herufi zikacheza rangi zake. Wi-fi, hola, haikushika hata kidogo.

"Uliijaribu kwa flashi, Baba?"

"Niliijaribu! Ilishika mpaka mitandao ya majirani. Nadhani mtandao wa mtaa mzima umekatika."

Hapohapo simu ya mke wangu ikaanza kupokea picha za harusi, ting, ting, ting, kwa wi-fi yetu hiyohiyo.

"Injinia," akasema, "mtaa gani huo uliokatika?"

Ningenyamaza pale ningesalimika na aibu ndogo. Mdomo ukanitangulia.

"Basi yule mama ametuuzia mbovu. Tapeli mkubwa!"

Mkwe akaniomba namba ya duka, akapiga, akaweka sauti ya nje.

"Mbovu?" Sauti ya yule mama ilijaa sebule. "Ngoja, dada. Si yule mzee aliyesema dereva ni yeye? Nilimwambia waziwazi wi-fi haina dereva, akajipiga kifua! Na flashi hata hakuitoa."

Mke wangu akaangalia ukuta. Kicheko nilichokitegemea hakikuja. Mkwe akakata simu, akaifunika mashine polepole.

"Baba, ungeniambia tu kwamba hujui," akasema kwa upole, kwa heshima ileile ya siku zote. "Ningekwenda mwenyewe."

Angenifokea ningepumua. Mtu mzima kuumbuka mbele ya mkwe wake, tena akiwa amemsingizia mtu wizi! Nilitamani sakafu inimeze na viatu vyangu.

Kesho yake, Jumatatu ikiwa bado haijafika, mimi na mkwe tulikwenda kuirudisha. Dukani watu walikuwa wamejaa, na safari hii sikuwa na kisa. Mkwe akaiwasha ile ya kijivu kwa flashi. Wi-fi ikashika kabla hajaketi vizuri. Nikaona mabega yake yakishuka.

"Mama," nikamwambia muuzaji, na wateja wote wakageuka, "mimi nilikuita tapeli. Wewe ulinieleza, mimi sikuelewa, na nikaona haya kuuliza."

"Yameisha, mzee wangu. Ila ile mpya imeshafunguliwa, siwezi kuiuza bei ileile. Hasara mnaibeba ninyi."

Mkwe akafungua pochi.

"Funga hiyo, mwanangu," nikasema. "Hii ni ya kwangu."

Nikatoa simu kulipa. Namba ya siri nikaikosea. Mkwe akageuzia uso mlangoni ili asione ninachobonyeza, nami nikaanza upya.