Kafuri Harusini

Zaina alikuwa mwosha maiti wa wanawake wa Kiislamu pale mtaa wa Gitega. Siku ya msiba walimwita mama, siku nyingine walimkwepa. Akiketi mahali, waliokuwa karibu naye hukumbuka ghafla kwamba wameacha chungu jikoni. Walisema ananuka kafuri, ile inayotiwa kwenye maji ya mwisho ya maiti.

Zaina alijua jambo baya zaidi, na hakumwambia mtu. Mara mbili aliisikia kafuri kwa mtu mzima wa afya, siku ambazo yeye mwenyewe hakuigusa. Mara zote mbili aliitwa kumwosha mtu huyohuyo kabla wiki haijaisha.

Mdogo wake, Mukarugwiza, alikuwa amehamia Rebero na kupata marumaru sebuleni. Sasa alikuwa akimwoza binti yake, Umulisa, ambaye Zaina ndiye aliyembeba mgongoni hadi akajua kutembea. Zaina hakutaka kitu kingine duniani ila kumwona mtoto yule amevaa shela.

"Dada, kuja," Mukarugwiza alisema kwenye simu. "Lakini hiyo harufu yako ibaki Gitega."

Basi Zaina akaacha kuosha mwezi mzima. Akajisugua kwa ndimu, akafukiza gauni lake kwa udi mpaka jirani wakakohoa.

Alipoingia sebuleni Rebero, wanawake walimkumbatia, na moyo wake ukachangamka. Akapewa kiti karibu kabisa na bibi harusi. Kisha Mukarugwiza akaja na sahani ya pilau, na pua moja ikakunjwa, halafu ya pili.

"Mana yanjye, Mungu wangu! Iko nanuka kafuri hapa!" mgeni mmoja alisema.

Macho yote yakamgeukia Zaina. Naye akainusa, baridi, kali, ikipanda pamoja na mvuke wa pilau. Haikutoka kwake. Mukarugwiza aliposogea, nayo ilisogea. Zaina aliogopa.

"Dada, umeniaibisha," Mukarugwiza alisema, machozi yakimlenga.

Angeweza kujitetea. Alimtazama Umulisa akicheka chini ya shela, hajui lolote.

"Ni mimi," Zaina alisema. "Mnisamehe."

Akataka kumkumbatia mdogo wake. Mukarugwiza akarudi nyuma, akiinua sahani iwe kati yao. Wanawake wakampisha Zaina njia pana hadi mlangoni, na nyuma yake wakafungua madirisha yote.

Hakuwa hata amefika Gitega simu ilipolia. Alikuwa Umulisa, akinong'ona.

"Mama mkubwa, umeshaenda, lakini ile harufu ingali iko hapa. Iko kwa mama. Wageni wameanza kuhama viti. Nifanye nini?"

Zaina akasimama kando ya barabara, pikipiki zikimpita.

"Kaa naye, mwanangu," alisema. "Mkumbatie. Usikubali akae peke yake."