Vidonge vya Kufika Mwanda

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na Mama Tryphena alilijua hilo kabla hata sijafungua mdomo kumposa binti yake.

Mwaka wa 1956 kazi yangu ilikuwa kushindilia vidonge vya kutuliza maumivu katika duka la dawa mjini Voi. Unamimina unga katika tundu la chuma, unavuta mkono wa mashine, chuma cha juu kinashuka, kidonge kinatoka. Vyangu vilikuwa bapa juu na chini, kingo kali kama za sarafu mpya. Nilivionea fahari hadi nikavipanga dirishani.

Mama Tryphena hakuviona hivyo. Kila Jumamosi alishuka na binti yake Margaret kutoka Mwanda, kijiji cha juu milimani, kuwachukulia dawa wazee wa kanisa lao. Alivifunga vidonge kwenye pindo la leso, akapanda basi, kisha akamalizia mlima kwa miguu, kikapu mgongoni. Siku niliyomwambia nataka kumwoa Margaret, alifungua fundo la wiki iliyopita juu ya kaunta. Ndani mlikuwa na unga na vipande.

"Gibson, mimi sijameza dawa yako hata siku moja," alisema. "Wazee wanagawana hii chenga na kijiko, hakuna anajua amekunywa kiasi gani. Mtu kazi yake haifiki Mwanda, nitampa msichana wangu vipi?"

"Mama, shida ni leso."

"Leso hiyo nimefunga mayai. Yalifika."

Margaret alicheka mpaka akajishika mbavu. Niliumia, sitaki kudanganya. Jioni hiyo nilikwenda kwa rafiki yangu Danson, fundi wa karakana ya reli, kulalamika kuhusu wanawake wa milimani. Hakunisikiliza. Alikuwa akivigeuzageuza kiganjani vile vipande nilivyomletea.

"Zote zimeanza kumeguka pembeni," alisema. "Hiyo kona yako kali ndiyo inagongwa kwanza."

Akavichimba kwa ndani vyuma vya mashine yangu, vidonge vikatoka mviringo kama zambarau. Nikavitia katika mkebe wa chai na kuutikisa hadi mkono ukachoka. Kingo zilikuwa nzima, lakini vichwa vilikuwa vimebanduka kama vifuniko vya sufuria. Nilitupa mkebe ukutani. Danson aliuokota bila haraka.

"Tumechimba sana. Unga wa pembeni umebanwa, wa juu kwa mgongo haujabanwa vizuri. Tupunguze."

Ilituchukua Jumamosi mbili nyingine, na mimi nikijificha nyuma ya duka kila Mama Tryphena alipopita. Mwishowe tulipata kidonge chenye mgongo mdogo tu, kama wa kijiko, na ukingo butu. Unga ulikuwa ule ule, na mkono uliovuta ulikuwa wangu ule ule. Kilichobadilika ni umbo. Kwenye mkebe havikutoa hata vumbi.

Nilimpa Mama Tryphena kumi, nikamwomba apande navyo hadi Mwanda na kuvirudisha. Akavifunga kwenye pindo la leso. Wiki ile sikula vizuri.

Jumamosi aliingia dukani, Margaret nyuma yake akitazama sakafu. Alifungua fundo polepole, nadhani kwa makusudi. Nikahesabu vidonge vizima tisa. Nikahesabu tena. Nikakung'uta pindo la leso nikitafuta unga wa kile cha kumi, hasira zangu zote zikiwa zimenikimbia.

"Mama, kimoja kimevunjika," nilisema. Sauti yenyewe ilikuwa ya mtu aliyekwisha kushindwa.

"Hakijavunjika."

"Basi kiko wapi?"

Aliketi kwenye benchi la wagonjwa, akanyoosha miguu yake, akayasugua magoti.

"Mlima ni mrefu, baba. Nilikimeza." Akanitazama kwa mara ya kwanza bila kukunja uso. "Sasa waambie wazee wako wakuje Mwanda tuongee."