Mtoto wa Kumi na Tano

Stamatia alikuwa na saluni ya viti vitatu pale Kifisia, kaskazini mwa Athene, nyuma ya kanisa, na kama kuna jambo lililotokea katika kitongoji kile bila yeye kulijua, basi halikutokea. Aliyehama, aliyeachika, aliyechongwa pua upya kisha akasema alikuwa Uswisi kupumzika, wote walipita chini ya drayeri yake. Kwa hiyo mwalimu mkuu wa shule ya serikali, Bwana Pantazis, maji yalipomfika shingoni, hakwenda manispaa. Alikwenda saluni, na wala hakuwa na nywele za kukata.

"Bi Stamatia, nina watoto tisa tu wa darasa la kwanza," alisema, kofia mkononi. "Wasipotimia kumi na tano kufikia Ijumaa, darasa halifunguliwi. Watapelekwa kule chini, ng'ambo ya barabara kuu."

"Tisa? Kitongoji kizima hiki?"

"Kitongoji kizima kinapanda mabasi ya shule za kulipia. Si unayaona kila asubuhi?"

Aliyaona, mbona. Yalipanga foleni mpaka mlangoni kwake, yakimeza watoto wa majumba yenye mabwawa. Waliobaki kwa Pantazis walikuwa watoto wa wafagiaji na watunza bustani, na wa wazazi wachache waliosoma pale wenyewe na hawakuona ubaya.

"Wewe watu wanakusikiliza," mwalimu aliongeza. "Mimi wakiniona wanavuka barabara."

Sifa zina utamu wake. Kabla kahawa ya mwalimu haijapoa, Stamatia alikuwa ameahidi watoto sita. Ambacho hakusema ni kwamba binti yake mwenyewe, Danai, ambaye angeanza darasa la kwanza mwaka uleule, alikuwa na nafasi katika shule ya kulipia ya kule kilimani, na ada imepunguzwa nusu. Hiyo ilikuwa hisani ya Bi Ersi, mteja wake wa kila Alhamisi na mjumbe wa bodi ya shule hiyo. Fomu ililala ndani ya droo ya mikasi ikingoja sahihi. Hakusema kwa sababu mwalimu hakuuliza. Ndivyo alivyojiambia.

Kazi aliianza Jumatatu. Katina muuza maua alikuwa na watoto pacha, akifikiria kuwapeleka shule ya karibu na kwa mama yake.

"Kwa mama yako?" Stamatia alimwambia huku akimsuka. "Yule aliyemlisha mbwa wako chokoleti? Utamkabidhi watoto?"

Wakawa kumi na mmoja. Mke wa mtunza bustani, Mirjeta, Mwalbania mpole, alikubali kabla hajaombwa. Kisha akaja mwanasheria aliyeachwa na mumewe Desemba, na ambaye ada ya shule ya kulipia ilikuwa imeanza kumkosesha usingizi.

"Watu watasema nimefilisika," alinong'ona.

"Watu watasema nitakachowaambia mimi. Nitawaambia una msimamo, unataka mwanao akue na watoto wa kila aina. Mwezi ujao wenzako watakuiga, utaona."

Mwanasheria alicheka mpaka rangi ikamchuruzika shingoni. Kumi na watatu.

Jumatano akaingia Nanuli, mama wa Kijojia aliyesafisha nyumba tano za pale juu. Stamatia akammwagia maneno yote: walimu wazuri, uwanja wenye kivuli, mtoto anakwenda kwa miguu. Nanuli alisikiliza kichwa kikiwa ndani ya beseni.

"Na Danai?" aliuliza.

"Danai bado tunafikiria."

"Mnafikiria nini, dada? Mimi ndiye ninayefuta vumbi mezani kwa Bi Ersi. Orodha ya kilimani nimeiona. Danai ni wa saba."

Katina, aliyekuwa amekuja tu kupiga soga, akazima drayeri ili asikie vizuri.

"Kijana wangu nitamwandikisha, maana sina pengine," Nanuli aliendelea, akijifunga taulo. "Lakini usituuzie shamba ambalo wewe hulilimi."

Wakawa kumi na wanne. Stamatia alijua kwamba kabla ya jua kuzama kila mtu atakuwa amesikia, maana mchukuzi wa habari katika kitongoji kile alikuwa yeye, na sasa habari zilikuwa na mchukuzi mwingine.

Jioni, juu ya sahani ya dengu, alimweleza mumewe Argyris, fundi bomba.

"Nimetengeneza vyoo vya shule zote mbili," Argyris alisema. "Vinaziba sawasawa."

"Sikuulizi vyoo! Nakuuliza mtoto. Mimi niliacha shule nina miaka kumi na minne nikaenda kuosha vichwa. Danai nataka awe yule anayekaa kwenye kiti, si anayesimama nyuma yake."

"Basi tia sahihi."

"Na darasa likifungwa? Pacha wa Katina wavuke barabara kuu kwa sababu yangu? Niliwatoa kwa bibi yao mimi!"

"Basi usitie."

"Mume gani wewe!"

"Wa kusogeza chumvi," alisema Argyris, akamsogezea.

Alhamisi Bi Ersi alikaa kitini kama kawaida. Stamatia alingoja mpaka nusu ya kichwa iwe na rangi, maana mwenye kichwa cha namna hiyo haondoki kwa hasira.

"Bi Ersi, ile nafasi ya Danai. Naomba uwape wengine."

Bi Ersi alimtazama ndani ya kioo. "Nani amekutia maneno?"

"Mdomo wangu mwenyewe."

"Unajua wanaosubiri ni wangapi?"

"Arobaini na mmoja. Wewe ndiye uliyeniambia."

Stamatia alimaliza nusu iliyobaki, akaosha, akakausha. Mlangoni Bi Ersi alitoa simu, na kabla hajafika kwenye gari lake nafasi ya saba ilikuwa na jina jingine.

Ijumaa Stamatia alikwenda shuleni na kitabu cha chanjo cha Danai na bili ya umeme ya kuonyesha wanakoishi. Bwana Pantazis aliandika jina polepole, akaweka namba kumi na tano pembeni, akavua miwani na kuifuta bila sababu.

Mlango ukagongwa. Aliingia mwanamke kijana mwenye mabuti ya matope, amemshika mtoto wa kiume mkono.

"Samahani, bado mnaandikisha? Tumehamia juzi."

"Karibu, karibu sana!" Bwana Pantazis aliinuka nusura aangushe kiti. "Wa kumi na sita!"

Stamatia alikaa kwenye kiti cha watoto kilichokuwa karibu, magoti yakamfika kifuani. Kumi na sita. Angeufunga mdomo wake jana, darasa lingetimia bila Danai, na nafasi ya kilimani ingekuwa bado yake. Alifungua mkoba, akaufunga.

Yule mwanamke akainama kwake na kuuliza kwa sauti ya chini, "Dada, niambie ukweli. Shule hii ni nzuri?"

Mwalimu mkuu aliacha kuandika.

"Sijui," alisema Stamatia. "Wangu anaanza hapa Septemba." Kisha akavuta pumzi, akamgeukia vizuri. "Mmehamia nyumba gani?"